Benchi presi ya mashindano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanyanyuaji wapya

Sheria zinazotajwa hapa ni za IPF, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa 1972 la pawalifti (mchezo wa kunyanyua uzito ambao benchi presi, yaani kusukuma chuma chenye uzito ukiwa umelala chali, ni sehemu yake), kwa sababu vyama vingi vya kitaifa vinazifuata. Mashirikisho mengine hutofautiana nalo katika vipengele vidogo, na kipengele kidogo kinatosha kukunyima jaribio zima. Kabla ya kujiandikisha, soma kitabu cha sheria cha shirikisho litakalosimamia mashindano yako, toleo linalotumika mwaka huo.

Jimu nasukuma kilo 110. Si hizo hizo nitasukuma jukwaani?

Mara nyingi sivyo. Jimu watu wengi hushusha chuma, kikagusa kifua, kikadunda na kupanda. Jukwaani chuma lazima kitulie kabisa kifuani mpaka mwamuzi atoe amri, na nguvu yote ya ule mdundo inapotea hapo. Isitoshe, makalio hayaruhusiwi kuinuka, ukishaanza msaidizi haruhusiwi kugusa chuma hata kwa kidole kimoja, na kabla hata hujakishusha unakishikilia juu mikono ikiwa imenyooka, ukimsubiri mwamuzi.

Kwa hiyo weka kumbukumbu ya namba moja tu: uzito mkubwa uliousukuma kwa kutuliza chuma, makalio yakiwa chini, bila msaada. Namba nyingine zote ni za mazoezi. Anayezoea kutuliza chuma tangu mwezi wa kwanza hupanda jukwaani akifanya kitu anachokijua. Anayeanza kutuliza wiki mbili kabla ya mashindano hukuta hata mpangilio wa misuli yake umebadilika.

Niwe nasukuma kilo ngapi ndipo niingie mashindano?

Mashindano ya ngazi ya chini kwa kawaida hayana kiwango cha kufuzu. Kikomo pekee ni uzito wa vifaa vyenyewe: chuma kitupu ni kilo 20 na vibano viwili vya kuzuia sahani za uzito ni kilo 2.5 kila kimoja, jumla kilo 25. Kama unaweza kusukuma hizo kwa kufuata amri, unaweza kushindana. Usingoje uwe na nguvu kwanza. Mashindano ya kwanza ni ya kujifunza utaratibu, na utaratibu haujifunzwi jimu.

Amri za mwamuzi ni zipi, na zinakuja wakati gani?

Ziko tatu, na katika mashindano ya kimataifa hutamkwa kwa Kiingereza: "start", "press", "rack".

Ya kwanza huja ukiwa umelala, mikono imenyooka, viwiko vimekaza na chuma hakitikisiki. Mwamuzi mkuu hushusha mkono wake huku akitamka. Kama mkao wako una kasoro hatatoa amri, na usipoirekebisha ndani ya sekunde 5 atakuambia urudishe chuma kwenye stendi. Muda wako wa dakika 1 wa kuanza bado unahesabika, kwa hiyo jipange upya bila kuchelewa.

Ya pili huja chuma kikiwa kimetulia kifuani. Hakuna sekunde maalumu za kuhesabu: mwamuzi anatazama kama chuma kimeacha kusogea. Ukikishusha kwa utulivu amri huja upesi. Ukikiangusha kikatetemeka, utasubiri zaidi huku nguvu zinakuishia. Kushusha taratibu kwa udhibiti ndiyo njia ya kupata kituo kifupi.

Ya tatu huja viwiko vikiwa vimenyooka na chuma kimetulia juu. Hapa ndipo wapya wengi hupoteza jaribio ambalo tayari wamelishinda: furaha inawazidi, wanarudisha chuma kwenye stendi kabla ya amri. Dawa yake ni mwenzako wa mazoezi kukutolea amri zote tatu kwa sauti, kwa kasi tofauti tofauti, angalau katika seti zako nzito. Mara nyingine akucheleweshe makusudi.

Waamuzi hukataa jaribio kwa makosa gani?

Waamuzi ni watatu, na unahitaji taa nyeupe mbili, yaani wawili wakukubalie. Anayekataa huonyesha pia kadi ya kukueleza sababu. Kadi nyekundu ni kwa chuma ambacho hakikufika kifuani au kilichogusa mkanda, au viwiko ambavyo havikushuka vya kutosha. Tangu 2023 sehemu ya chini ya kiwiko lazima ifike usawa wa sehemu ya juu ya bega au chini yake. Kadi ya buluu ni kwa chuma kilichorudi chini wakati wa kupanda, au mikono ambayo haikunyooka mwishoni. Kadi ya njano inabeba mengine: kutotii amri, kuinua kichwa, mabega au makalio, nyayo kuachia sakafu, au kukizamisha chuma kifuani baada ya kutulia ili upate msukumo.

Kama viwiko vyako havinyooki kabisa kimaumbile, waarifu waamuzi wote watatu kabla ya kuanza. Ukieleza baada ya kukataliwa umechelewa. Na wenye nywele ndefu wasizifunge kisogoni: waamuzi lazima waone kwamba kichwa kimegusa benchi.

Nishike chuma kwa upana gani?

Kikomo ni sentimita 81 kati ya vidole vya shahada, na chuma cha mashindano kina alama zinazoonyesha umbali huo. Kidole cha shahada kikikaa juu ya alama, uko kwenye kikomo. Kidole gumba lazima kizunguke chuma, na kushika kwa viganja vilivyogeuzwa kukuelekea ni marufuku.

Upana mkubwa hupunguza safari ya chuma, lakini hubebesha kifua na bega kazi zaidi, na kwa mtu mwenye mikono mirefu unaweza kumkosesha kina cha viwiko. Anza mahali ambapo chuma kikiwa kifuani, vigasha vyako vimesimama wima ukitazamwa kutoka miguuni. Ukitaka kutanua, ongeza upana wa kidole kimoja, fanya mazoezi wiki tatu au nne, kisha upime. Anayehamia kwenye kikomo kwa siku moja hujiletea maumivu ya bega.

Nijipange vipi kwenye benchi?

Hapa ndipo pa kuwekeza muda, kwa sababu mkao ukiharibika kabla chuma hakijatoka kwenye stendi, hakuna nguvu itakayourekebisha katikati ya jaribio.

Urefu wa stendi uchague siku ya kupima uzito, na uutaje kwa maofisa uandikwe. Uwe hivi: ukilala, chuma kiko juu ya macho, na unahitaji kukinyanyua sentimita chache tu kukitoa. Stendi ikiwa juu mno, utanyoosha mabega kukitafuta chuma na kupoteza mkao wote. Ikiwa chini mno, utamaliza nguvu kabla ya kuanza.

Kisha anza na mabega. Vuta makombe ya mabega nyuma yakutane, halafu yashushe kuelekea makalio, kama mtu anayetaka kuyaficha kwenye mifuko ya nyuma ya suruali. Yakandamize kwenye benchi yabaki hapo mpaka amri ya tatu. Kifua kitainuka chenyewe na mgongo utajipinda. Upinde huo unaruhusiwa, mradi kichwa, mabega na makalio vinagusa benchi.

Miguu inafuata. IPF inataka nyayo zilale bapa sakafuni. Ivute nyuma mpaka magoti yawe chini kidogo ya nyonga, lakini kisigino kisiachie. Benchi huwa na kimo cha sentimita 42 hadi 45. Kama una miguu mifupi, omba mbao za kukanyagia, zinazoruhusiwa hadi sentimita 30. Omba mapema, ili wasaidizi waziweke kabla muda wako haujaanza kuhesabiwa.

Msaidizi akikutolea chuma, kubalianeni namna ya kuhesabu kabla ya kulala. Akitoe kwa kukitelezesha mbele kuja juu ya mabega yako. Akikinyanyua juu sana atakuvutia mabega na kuyatoa kwenye benchi. Chuma kikifika, kiache kitulie, vuta pumzi nyingi hadi tumboni, ishikilie, kisha subiri amri.

Kishushe kwenye sehemu ya chini ya kidari, viwiko vikiwa vimeingia ndani kiasi. Wakati wa kupanda, chuma hakiendi wima: kinaondoka chini ya kidari na kurudi nyuma taratibu mpaka juu ya mabega.

Makalio yangu huinuka uzito ukiwa mkubwa. Nifanyeje?

Unasukuma miguu kuelekea juu. Nguvu ya miguu inatakiwa iende kuelekea kichwani, kana kwamba unataka kujitelezesha kwenye benchi kuelekea upande wa stendi, huku mabega yaliyokandamizwa yakikuzuia usiteleze. Ukiisukuma hivyo, makalio hayana sababu ya kuinuka.

Sababu ya pili ni miguu iliyovutwa nyuma kupita kiasi. Isogeze mbele sentimita 5 na ujaribu tena. Ya tatu ni upinde mkubwa kuliko unavyoweza kuudhibiti, ambao unayaacha makalio yakigusa benchi kwa shida tangu mwanzo. Jipige video kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa benchi. Ukiona mwanga unapita chini ya makalio, mwamuzi wa pembeni ataona pia.

Chuma hukwama. Nijuaje udhaifu uko wapi?

Tazama kinakwama wapi. Kikigoma kifuani kabisa, mara nyingi mkao umelegea wakati wa kushusha: pumzi imetoka, makombe yameachia, au miguu haikufanya kazi. Hapo saidia na vituo virefu vya sekunde 3 kwa asilimia 65 hadi 70 ya uzito wako wa juu, seti 3 za mara 4.

Kikikwama sentimita chache juu ya kifua, chunguza njia ya chuma. Wengi hukisukuma wima, kikabaki mbele ya mabega ambako hakuna nguvu ya kukimalizia. Anza kukirudisha nyuma mapema zaidi.

Kikikwama karibu na mwisho, misuli ya nyuma ya mkono inahitaji kazi: kushika kwa upana mdogo, seti 3 au 4 za mara 5 hadi 8, na mazoezi ya kunyoosha kiwiko. Usikimbilie vifaa maalumu kabla ya hayo.

Nipe programu ya kujiandaa.

Wiki 10, siku 3 kwa wiki. Asilimia zote ni za uzito wako wa juu wa kutuliza. Kama huujui, chukua seti nzito ya kutuliza na utumie hesabu hii: uzito mara (1 + marudio ÷ 30). Kilo 90 mara 5 zinatoa kilo 105. Hesabu hiyo huaminika zaidi marudio yakiwa 5 au pungufu.

Siku ya kwanza ni nzito, na kila rudio linatulizwa. Wiki 1 hadi 4 fanya seti 4 za mara 5, ukianzia asilimia 70 na kupanda hadi 77. Wiki 5 hadi 7, seti 5 za mara 3 kwa asilimia 80 hadi 85. Wiki ya 8 na ya 9, rudio moja kwa asilimia 88 hadi 92 ukitolewa amri, kisha seti 3 za mara 2 kwa asilimia 82. Rudio la mwisho zito liwe siku 7 hadi 10 kabla ya mashindano, na uzito wake uwe karibu na ule utakaofungua nao.

Siku ya pili ni nyepesi: vituo virefu au kushika kwa upana mdogo. Siku ya tatu ni ya wingi: seti 4 za mara 6 hadi 8 kwa asilimia 65 hadi 70. Kila siku ongeza mazoezi ya kuvuta chuma kuelekea tumboni, seti zisizopungua 4, kwa sababu mgongo ndio jukwaa unalolalia.

Wiki ya mashindano fanya siku moja tu, siku 3 kabla: rudio moja moja mara 3 kwa asilimia 65 hadi 70, ukifuata amri, kisha nenda nyumbani. Kujipima nguvu wiki hiyo ni kuchukua kilo za jukwaani na kuziacha jimu.

Ninafanya mazoezi peke yangu. Nijilindeje?

Tumia fremu yenye vizuizi vya usalama vya pembeni. Viweke chini kidogo ya usawa wa kifua ukiwa umejipinda, lakini juu ya shingo ukilala bapa. Jaribu kwanza kwa chuma kitupu. Kama fremu haipo, usifunge vibano, ili ukikwama uweze kuinamisha chuma upande mmoja sahani zikaanguka. Na usijaribu uzito wa juu. Kidole gumba kizunguke chuma kila wakati. Kushika bila gumba kumewaangushia watu chuma kifuani na shingoni.

Nahitaji mavazi na vifaa gani?

Singleti (vazi la kubana la kipande kimoja), fulana isiyo na mfuko wala kola, na viatu. Bandeji za vifundo vya mikono zinaruhusiwa hadi urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 8. Mkanda hauzidi upana wa sentimita 10 wala unene wa milimita 13. Soksi za viwiko haziruhusiwi. Chaki inaruhusiwa, mafuta na krimu za aina yoyote haziruhusiwi.

Kabla ya kununua, uliza kama mashindano yako yanadai vifaa vilivyo kwenye orodha ya vilivyoidhinishwa na IPF. Kwenye mashindano madogo mara nyingi masharti hulegezwa, lakini ukikosea utavuliwa bandeji zako kwenye ukaguzi na kusukuma bila hizo. Viatu viwe na soli isiyoteleza. Hilo husahaulika sana.

Niingie uzito gani wa mwili? Nipunguze?

Wanaume wa kundi la wazi, yaani lisilobagua umri, wana madaraja ya kilo 59, 66, 74, 83, 93, 105, 120 na zaidi ya 120. Wanawake: 47, 52, 57, 63, 69, 76, 84 na zaidi ya 84.

Kwa mashindano ya kwanza, ingia daraja la uzito ulio nao. IPF hupima uzito saa 2 kabla ya kuanza, na saa 2 hazitoshi kurudisha maji uliyojinyima. Mtu aliyekaukiwa hupoteza nguvu kwenye benchi, hupata mikakamao ya misuli anapojipinda, na anaweza kupoteza jukwaani kilo nyingi kuliko faida ya daraja. Kuna mashirikisho yanayopima siku moja kabla, lakini hata huko, kujikausha ni jambo la anayepigania nafasi kubwa na mwenye mtu wa kumsimamia. Kumbuka tu kwamba wawili wakilingana kilo, mwenye mwili mwepesi ndiye mshindi.

Nichague vipi uzito wa majaribio matatu?

Jaribio la kwanza liwe uzito unaoweza kuutuliza mara 3 siku yoyote, hata ukiwa umelala vibaya: takriban asilimia 90 hadi 92 ya uzito wako wa juu. La pili asilimia 95 hadi 98. La tatu ndilo la rekodi. Mwenye uzito wa juu wa kilo 110 anaweza kufungua na 100, akaenda 105 au 107.5, akamaliza na 110 au 112.5.

Sababu ya kufungua chini ni kwamba uzito haushuki. Ukishindwa kilo 105 mwanzoni, unairudia ile ile au unapanda, na ukishindwa zote tatu hupati nafasi yoyote kwenye matokeo. Jaribio la kwanza lililofanikiwa hukuondolea hofu hiyo.

Baada ya kila jaribio una dakika 1 kutaja uzito unaofuata. Usipotaja, meza itakuongezea kilo 2.5 ukiwa umefaulu, au kukurudishia ule ule ukiwa umeshindwa. Kwa hiyo andika kwenye karatasi mapema chaguo mbili kwa kila hatua, moja kama jaribio lilienda kirahisi na nyingine kama lilikuwa gumu, umpe kocha au rafiki. Kichwa kinachotoka chini ya uzito mkubwa hakifanyi hesabu vizuri.

Jaribio la pili likiwa gumu kweli, kupanda kilo 2.5 si aibu. Jaribio likikataliwa kwa kosa la amri na si kwa kukosa nguvu, panda au rudia kwa utulivu. Nguvu unayo.

Nipashe mwili joto vipi siku yenyewe?

Kwa anayefungua na kilo 100: chuma kitupu mara 10, seti mbili, 50 mara 5, 70 mara 3, 80 mara 2, 87.5 mara 1, 92.5 au 95 mara 1. Kuanzia 70, tuliza kila rudio. Acha dakika 3 hadi 5 kati ya seti, na ya mwisho iwe dakika 8 hadi 10 kabla ya kuitwa.

Panga muda kwa kuhesabu nyuma kutoka kwenye orodha: kila mnyanyuaji huchukua takriban dakika 1, na wanaofungua na uzito mwepesi hutangulia. Kama wako 9 mbele yako, una dakika 9 hivi tangu kundi linapoanza. Sehemu ya kupashia huwa na benchi chache na watu wengi, kwa hiyo jiunge na wanaofungua na uzito ulio karibu na wako.

Ukiitwa na chuma kikawa tayari, una dakika 1 kuanza. Inatosha kabisa. Usikimbie.

Bega linauma nikisukuma. Niendelee?

Uchovu wa misuli ni jambo moja, maumivu makali mbele ya bega ni jingine. Yakiwa madogo, punguza upana wa mkono kwa kidole kimoja au viwili, ingiza viwiko ndani, shusha uzito kwa wiki mbili na ongeza mazoezi ya kuvuta. Ukihisi kitu kimekatika kifuani au kwapani, kikafuatwa na mvilio wa damu au umbo la kifua kubadilika, simama hapo hapo uende hospitali. Msuli wa kifua unaweza kuchanika au kung'oka kwenye mfupa, na tiba ya upasuaji hufanikiwa zaidi ikifanywa mapema.

Je, virutubisho vinaruhusiwa?

Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, haimo kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, na kahawa pia haimo. Hatari iko kwenye mchanganyiko wa viungo usiovijua: mnyanyuaji huwajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata kama lebo haikukitaja. Kama unatumia dawa za hospitali, uliza kuhusu kibali cha matibabu kabla ya kushindana. Kupimwa kunawahusu hata wa ngazi ya chini.

Nini tofauti ya klasiki na fulana ya kusukumia?

Klasiki ni mwili wako, mkanda na bandeji. Fulana ya kusukumia ni nguo ngumu sana inayobana na kurudisha msukumo chuma kikiwa kifuani. Tofauti ni kubwa: Mmarekani Julius Maddox alisukuma kilo 355 bila fulana mwaka 2021, ilhali kwa fulana zilizo nje ya sheria za IPF zimeshasukumwa zaidi ya kilo 600. Anza na klasiki. Fulana inahitaji wasaidizi wazoefu na mbinu yake tofauti.

Mtu mwenye ulemavu wa miguu anaweza kushindana?

Ndiyo, na kwa hadhi kamili. Benchi presi ndiyo pawalifti ya Michezo ya Paralimpiki, kwa wanaume tangu Tokyo 1964 na kwa wanawake tangu Sydney 2000. Miguu hulazwa juu ya benchi lililotengenezwa kwa ajili hiyo, na inaweza kufungwa kwa mikanda. Bila msukumo wa miguu, usahihi wa mabega na njia ya chuma unakuwa muhimu maradufu.

Baada ya mashindano nirudi lini?

Pumzika siku 3 hadi 5, kisha wiki moja au mbili za asilimia 60 hadi 65, seti 3 za mara 8. Siku za mapumziko tazama video za majaribio yako yote na uandike mambo mawili tu: chuma kilikwama wapi, na kadi ilikuwa ya rangi gani. Programu inayofuata ianzie hapo. Kadi ya njano inataka mazoezi ya amri na mkao. Ya buluu inataka misuli ya nyuma ya mkono na njia ya chuma. Kwa nyekundu, chunguza kwanza upana wa mkono na kina cha viwiko kabla ya kuongeza kilo yoyote.